Floridi Nakuru: mtambo au mkaa wa mifupa?

Jikoni kwa jirani yangu, upande wa Njoro, kuna ndoo mbili zilizopandana za kuchujia maji ya kunywa. Ya juu imejaa punje nyeusi kama kahawa iliyosagwa nusunusu: ni mifupa ya ng'ombe iliyochomwa tanuruni kwa hewa kidogo. Nilimuuliza mama mwenye nyumba mara ya mwisho aliibadilisha lini. Akamwonyesha kifungua mimba wake wa gredi ya pili. "Tangu huyu akiwa mgongoni."

Visima vingi virefu vya Bonde la Ufa huchota maji kwenye miamba ya volkano, na floridi, madini yanayoyeyuka kutoka kwenye miamba hiyo, hupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Meno huota madoa ya kahawia. Ikizidi kwa miaka mingi, viungo hukakamaa. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floridi ikabaki sufuriani.

Wauza maji wengi hutumia mtambo unaosukuma maji kwa nguvu kwenye utando mwembamba wa kuchuja. Huzuia zaidi ya asilimia 90 ya floridi. Tatizo ni stima, pamoja na maji yanayokataliwa na utando. Tuseme kisima kina miligramu 6 kwa lita na nusu ya maji inatoka safi: nusu nyingine inaenda mtaroni ikiwa na karibu miligramu 12, na ng'ombe wa watu hunywa mtaroni. Hilo halimo kwenye bango la duka.

Mkaa wa mifupa hauli stima wala haumwagi maji. Jimbo Katoliki la Nakuru limeutengeneza kwa miaka mingi. Floridi hunaswa na madini yale yale ya mfupa yanayoinasa mwilini mwetu. Wapo wanaoukataa kwa sababu ya dini, kwa kuwa hawajui mfupa ni wa mnyama gani. Ni swali la haki, na anayeuza anapaswa kulijibu.

Ila mimi kinachonitia shaka ni kwamba mkaa ukishiba hausemi. Maji hutoka maangavu, na ladha haibadiliki. Utando ukichoka, kipima-chumvi cha mkononi kinakuonyesha chumvi imeanza kupita. Kwa mkaa lazima upime floridi yenyewe. Kwa hiyo shule yenye stima ningeipa mtambo, na maji yake machafu yawe na shimo lake. Nyumbani mkaa unatosha, tarehe ya kubadilisha ikiandikwa kwenye ndoo kwa kalamu isiyofutika.

Tena si lazima kusafisha kila tone. Meno ya kudumu, ukiacha magego ya mwisho, hujengeka kabla ya miaka 8 hivi. Meno ya mtu mzima hayapati tena madoa hayo. Maji ya kunywa na ya uji wa watoto ndiyo ya kwanza, na mvua ya mabatini haina floridi ya kutajika. Nguo zifuliwe kwa maji ya kisima.

Jirani aliweka mkaa mpya Jumamosi. Kitinda mimba wake ana miezi minane.