Mla jana kala nini? Kozi za bure za historia ya chakula kwenye mizani

Wahenga waliposema "mla ni mla leo, mla jana kala nini?", hawakutaka jibu. Walikuwa wanalifunga shauri: cha jana kimeshaliwa, tuachane nacho. Kozi za historia ya chakula ambazo vyuo vikuu hutoa bure mtandaoni zimelichukua swali hilohilo kama swali la kweli. Huyo mla jana kala nini hasa, alipikiwa na nani, na sisi tumejuaje?

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya nizitetee. Wengi tumewahi kusikia kwamba Marco Polo ndiye aliyeleta tambi Italia kutoka China. Alirudi kwao Venice mwaka 1295. Lakini orodha ya mali za askari mmoja iliyoandikwa Genoa mwaka 1279 inataja chombo kilichojaa makaroni, na nyuma zaidi, mwaka 1154, mwanajiografia al-Idrisi alishaandika kuhusu Trabia, kisiwani Sicily, ambako tambi zilitengenezwa kwa wingi na kusafirishwa kwa meli. Hadithi ya Marco Polo ilipata nguvu baada ya kuchapishwa mwaka 1929 katika jarida la wafanyabiashara wa makaroni wa Marekani. Yaani tangazo la biashara limegeuka historia, nasi tukalimeza bila kutafuna.

Mwanafunzi aliyefuatishwa nyaraka hizo moja baada ya nyingine hatoki na habari za tambi peke yake. Kesho akiambiwa kwamba matajiri wa Ulaya ya zama za kati walitia viungo vingi ili kuficha harufu ya nyama iliyooza, atashtuka mwenyewe: mtu aliyemudu pilipili manga na mdalasini vilivyovuka bahari, alishindwaje kununua nyama mbichi? Ujuzi huo wa kushtuka ulikuwa wa waliofika chuoni. Kuutoa bure kwa yeyote mwenye intaneti si jambo dogo.

Sasa tuligeuze swali lile liiulize kozi yenyewe. Tumejuaje? Mara nyingi, kwa sababu kulikuwa na karani. Jumba la mfalme lilikuwa na daftari la hesabu, lilikuwa na wapishi ambao mapishi yao yaliandikwa, kama ule mkusanyo wa wapishi wa Mfalme Richard II wa Uingereza wa karibu mwaka 1390. Mkulima aliyelima ngano ya mkate wa mfalme hakuacha daftari. Chakula chake kinasomwa kwenye mifupa, kwenye meno, kwenye masizi ya vyungu vilivyovunjika na mbegu zilizoungua. Kazi ya polepole, isiyopendeza kwenye video ya dakika saba. Karamu inapendeza. Matokeo yake, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, mwanafunzi anaweza kumaliza wiki tano akijua wafalme wanne walikula nini usiku wa sherehe, na asijue watu wao walikula nini siku ya kawaida.

Kuhusu neno "bure", nisichukue muda mrefu. Majukwaa mengi hufungua masomo kwa wiki chache kisha huyafunga mpaka ulipe, na cheti huwa na bei yake. Wanaofika mwisho ni wachache pia, jambo ambalo wakosoaji hupenda kulitaja. Mimi halinisumbui. Aliyeonja wiki mbili akaondoka na swali zuri hajala hasara.

Kinachonisumbua ni mikono. Chuo Kikuu cha Yale kinahifadhi vibao vya udongo vya Babeli vyenye umri wa karibu miaka 3,700, vilivyoandikwa mapishi ya michuzi. Kwa sehemu kubwa havisemi kiasi gani, wala kwa muda gani. Havikuhitaji kusema, maana msomaji wake alikuwa mpishi tayari. Upishi umeishi hivyo kwa karne nyingi, katika kuangalia na kuonja, na mhadhiri aliyekaa mbele ya kamera anaweza kukusomea kibao lakini hawezi kukuonjesha. Hata ukiingia jikoni kujaribu, kuku wako si kuku wa zamani. Wa leo amezalishwa anenepe kwa wiki chache.

Lakini hapohapo, nadhani, ndipo kozi ya mtandaoni inapoweza kukishinda chumba cha darasa. Darasani kuna watu thelathini waliokulia karibu karibu. Huku kuna maelfu, kila mmoja na jiko lake. Andiko la zamani likisema "pika mpaka itoshe", huenda mmoja wao akamkumbuka bibi yake akifanya vilevile, akaeleza "kutosha" kunavyoonekana chunguni. Walimu wanaowaachia wanafunzi nafasi ya kusema hivyo wanapata ushahidi ambao hakuna karani aliyeuandika. Wanaoweka maswali ya kuchagua jibu peke yake wanaupoteza.

Basi kabla ya kujiandikisha, mimi hufungua ratiba ya masomo na kutafuta sukari. Kozi nyingi zitaigusa, kwa sababu meza za wakubwa wa Ulaya zilipambwa kwa majumba na wanyama waliofinyangwa kwa sukari, na picha zake zinavutia. Natazama kama somo linaishia mezani. Kati ya karne ya 16 na ya 19, Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa kwenye meli za watumwa kuvuka Atlantiki, na sehemu kubwa yao ilipelekwa kwenye mashamba ya miwa ya Brazil na visiwa vya Karibi. Nikikuta somo limefuata sukari mpaka shambani, najiandikisha siku hiyohiyo. Nikikuta majumba ya sukari matupu, natazama picha, kisha nafunga.