PDF tunazo, ila karatasi bado

Kuna kauli inarudiwa sana kwamba mtu anayesoma kitabu cha karatasi zama hizi ni mzee au anajishaua tu, si simu ipo. Mi nasema nendeni vyuoni zile siku UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inakaribia mkajionee. Watoto wamezaliwa miaka ya 2000 na kitu, slaidi zote wanazo kwenye grupu la WhatsApp, laptop ipo kwenye begi, na bado foleni iko steshenari wanaprinti na kufanya bainding. Hamna mzee hata mmoja pale. Wanalipia kitu ambacho tayari wanacho bure kwenye simu, na mwanafunzi wa chuo tunamjua na hela yake, hatoi hivihivi.

Hili limeshapimwa pia. 2018 ilitoka kazi ya watafiti waliokusanya tafiti 54 za kati ya 2000 na 2017, washiriki wote kwa pamoja zaidi ya 170,000, wakakuta anayesoma kwenye karatasi anaelewa zaidi ya anayesoma kwenye skrini, hasa akiwa amebanwa na muda, na hasa kwenye maandishi ya maelezo, yaani notsi zenyewe hizo. Kwenye hadithi hawakuona tofauti. Kwa hiyo ukiniambia riwaya unasomea kwenye simu, sawa, sina ugomvi na wewe.

Ila mimi hata riwaya nataka karatasi, na wala sio kwa ile harufu ya kitabu watu wanayoisifia, vitabu ninavyonunua mimi vinanuka vumbi na unyevu bana tuseme ukweli. Yangu ni kwamba kitabu kiwe changu kweli. Chukua cha mtumba, wale jamaa wa Posta, katikati ya jiji la Dar, wanaovipanga chini pembeni ya barabara. Fungua ukurasa wa kwanza, utakuta muhuri wa maktaba ya shule (kimefikaje barabarani, hiyo kesi tuiache), chini yake jina la mtu kwa peni ya bluu na "Form III B", limekatwa mstari, juu yake jina lingine kwa mwandiko mwingine, halafu pembeni bei kwa penseli ambayo hata muuzaji mwenyewe anajua utaishusha. Kimepita mikono yote hiyo na hakuna aliyefungua akaunti wala kukubali masharti.

Sasa njoo kwenye cha kidijitali. 2009 Amazon waliingia kwenye Kindle za watu, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, wakafuta nakala walizokuwa wameshazilipia, kisa aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza, na mojawapo, amini usiamini, ilikuwa 1984 ya George Orwell, kitabu ambacho ndani yake serikali inafuta maandishi isiyoyataka. 2019 Microsoft nao wakafunga duka lao la vitabu na vilivyonunuliwa pale vikaacha kufunguka. Hela zilirudishwa, ndio, lakini hebu fikiria muuza vitabu wa Posta aje usiku sebuleni kwako, achukue kitabu rafuni, akuachie noti mezani. Utaita mwizi mtaa mzima uamke.

Halafu kuna kusoma wengi. Gazeti moja saluni linasomwa na kila anayesubiri kunyolewa, mmoja kachukua kurasa za michezo mwingine kang'ang'ana na siasa, jioni liko kijiweni kwenye kahawa, kesho limefungia karanga na mtu bado anasoma kipande. Simu huwezi kuigawa hivyo, na nani anampa mtu simu yake iliyofunguliwa? Na kwenye daladala ukikaa dirishani na simu mkononi lazima jicho moja liwe nje maana vibaka hawalali, ila kitabu hata ukisinzia nacho hakuna wa kukikwapua, jambo linalosikitisha kidogo ukilitafakari.

Simu naipa haki yake, kamusi iko humo, kutafuta neno kwenye PDF ya kurasa 300 ni sekunde, na mama yangu anakuza maandishi mpaka anasoma bila miwani. Ila kitabu ninachotaka kubaki nacho, nimwazime shemeji, akae nacho mwaka mzima, nimfuate mpaka Mbagala kukidai, hicho naomba kiwe cha karatasi.