Dekonti ya mwisho: tujenge matofali au tuweke benki?

Mjomba wangu anastaafu mwisho wa mwezi huu. Ametimiza miaka 60, na ofisi ya wafanyakazi kwenye kampuni ya mgodi anakofanya kazi imemwambia akae tayari kupokea dekonti yake ya mwisho, yaani malipo ya kuagana na kazi. Juzi tulikuwa kwenye kilio huko Katuba, hapa Lubumbashi nchini Congo, tumezunguka mbabula, lile jiko la makaa, usiku umepoa, na habari yake ikageuka mjadala uliotufikisha alfajiri. Mzee mmoja aliyestaafu zamani alimwambia: «Jenga. Tofali halishuki thamani.» Mtoto wa mzee huyo, anayeshika hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, akakataa: weka benki, kwa dola, kwa jina lako mwenyewe, usiguse. Kila mmoja alipata wa kumuunga mkono. Mjomba alinyamaza tu, akichokoa makaa kwa kijiti.

Nimeyabeba maneno yale tangu siku hiyo, kwa sababu kwetu si mara ya kwanza kuyasikia, na mara ya kwanza tulilipa kwa machozi.

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Dekonti ni hesabu ya mwisho anayokupa mwajiri siku mnapoachana: mshahara uliobaki, likizo ambazo hukuchukua, na yaliyomo kwenye mkataba. Inakuja mara moja, basi. Pensheni ni jambo jingine. Hiyo inatoka CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ambao wazee bado wanauita INSS, na inalipwa kidogokidogo mpaka unapozikwa. Ili uipate, sheria ya mwaka 2016 inataka uwe na miaka 60 na michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza yake. Asiyejua kama mwajiri wake alipeleka kweli ile asilimia 5 aende akaulize angali kazini, akiwa na namba yake na karatasi za mshahara mkononi. Akingoja miaka 60 ndipo aulize, amechelewa.

Mjadala wa kwenye kilio ulihusu dekonti. Na dekonti, hapa Lubumbashi, ina historia.

Mwaka 1986 Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, ilitoa tani 476,000 za shaba. Mwaka 1994 hazikufika hata 50,000. Kampuni iliyokuwa baba na mama wa mji huu, iliyotoa posho ya unga, shule na hospitali, ilifika mahali pa kushindwa kulipa mishahara kwa miezi na miezi. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari. Zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka, na kiasi kilichotengwa kilikuwa karibu dola milioni 43. Ukigawanya, ni kama dola 4,000 kwa kila mtu, ingawa wengine walipata zaidi na wengine nusu ya hapo. Wapo waliokuwa wametumika miaka 25, hata 30.

Baba alikuwa mmoja wao. Alinunua basi dogo lililokwishatumika, ambalo lingebeba watu kati ya mjini na Ruashi. Nakumbuka rangi yake ya buluu, na nakumbuka mama akilimwagia maji ya baraka mlangoni. Baba alikuwa fundi wa umeme, hakuwahi kuendesha biashara hata siku moja. Miezi minane baadaye basi lilisimama kwenye lupango letu, yaani kiwanja chetu, bila injini, kuku wakilala ndani yake. Majirani walifungua vibanda vya kuuza mafuta na sukari, wote kwenye barabara moja, wote mwezi mmoja, wakiuziana wenyewe kwa wenyewe. Mwaka haukuisha, vibanda vingi vikafungwa.

Kwa hiyo mzee wa kwenye kilio anaposema «jenga», msimdhanie mshamba. Anaongea kutokana na alichokiona. Waliojenga vyumba viwili vya kupangisha mwaka ule wa 2003 bado wanakula kodi leo. Tena kabla ya hapo aliona kibaya zaidi: mwaka 1994 bei nchini zilipanda kwa karibu asilimia 9,800, na akiba ya maisha yote iliyokuwa kwenye daftari la benki haikutosha kununua mfuko wa unga. Kisha faranga ya Congo ilipoanza mwaka 1998, dola moja haikufika hata faranga mbili. Mwaka 2024 ilipita faranga 2,700. Mtu aliyepita hapo ukimwambia «benki», anasikia «shimo».

Lakini kijana naye ana hoja, na nadhani wazee walimkatisha haraka mno. Akaunti ya leo si ile ya 1994. Sehemu kubwa ya akiba kwenye benki za nchi hii iko kwa dola, kwa hiyo kuanguka kwa faranga hakuigusi kama zamani. Halafu akasema neno ambalo halikujibiwa: huwezi kuuza nusu ya ukuta ukiugua. Mstaafu wa miaka 63 mwenye kisukari anahitaji fedha ya dawa Jumanne hii. Nyumba haitoi fedha Jumanne hii. Inatoa mpangaji akilipa, na wapangaji wetu tunawajua. Sheria ya mwaka 2015 inasema dhamana ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Wenye nyumba wengi wanadai zaidi, na wapangaji wengi, wakishamaliza dhamana hiyo, hawalipi tena mpaka waondolewe kwa kesi. Mzee wa miaka 70 hana nguvu za kesi.

Je, benki ni salama kabisa? Hapana. Gharama za kutunza akaunti zinatafuna akiba ndogo mwezi baada ya mwezi, na riba yake ni ya kuwapa moyo tu. Na tumeona yaliyowakuta ndugu zetu wa Goma mwaka 2025. Mji ulipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, benki zilifunga milango, na watu wenye dola zao halali kwenye akaunti wakabaki wakitafuta noti za kununua chakula, wakilipa kamisheni ya kuumiza kwa kila aliyeweza kuwatolea. Hata hivyo mwenye nyumba wa Goma naye hakunusurika, maana wapangaji wengi walikimbia. Vita havichagui kati ya tofali na daftari.

Kwangu mimi, kasoro ya mjadala ule iko hapa. Pande zote mbili zilibishana fedha ikae wapi, na hakuna aliyeuliza mjomba aamue lini. Fedha ya mstaafu haiuawi na mahali ilipowekwa. Inauawa na haraka. Siku ya dekonti inajulikana na mtaa mzima: wanaijua shemeji zako, mchungaji, wenzako wa zamani, na wanaijua matapeli. Wiki ya kwanza ndiyo wiki ya hatari, kwa sababu mtu ambaye maisha yake yote alipokea mshahara kidogokidogo ghafla ameshika kitita, moyo unamdunda, na kila anayeingia mlangoni ana mpango.

Tazama upande wa ardhi, ambao mzee aliuita salama. Dada mkubwa wa mama yangu alinunua lupango pembezoni mwa mji siku kumi baada ya kupokea fedha zake. Muuzaji alikuwa mtu mzima, mpole, anayesali. Alimwonyesha fiche ya lupango, karatasi ya komini (ofisi ya utawala ya sehemu ya mji), yenye muhuri na daftari la zamani la mwenye nyumba. Mama mkubwa akalipa yote taslimu, mbele ya mashahidi wawili ambao wote walikuja na muuzaji. Alipoleta mchanga na matofali, akakuta familia nyingine inachimba msingi, nao wana karatasi ya muuzaji yuleyule. Tangu sheria ya mwaka 1973, ardhi ya nchi hii ni mali ya Serikali, na anachopewa raia ni haki ya kuitumia. Hati inayoithibitisha haki hiyo ni cheti cha kuandikishwa kinachotolewa na konsevateri, ofisa wa Serikali anayetunza hati za ardhi. Fiche ya komini si cheti. Muhuri si cheti. Na cheti chenyewe kinatakiwa kulinganishwa na kitabu kilichoko ofisini, namba kwa namba, kabla hata faranga moja haijatoka mfukoni. Kazi hiyo inachukua siku na inachosha, na ndiyo maana muuzaji mwongo hukwambia kuna mnunuzi mwingine anayekuja kesho asubuhi. Uliza pia mke wa muuzaji yuko wapi, na kama amekubali. Ukiambiwa amesafiri, nawe ahirisha.

Upande wa fedha nao una walaghai wake. Waliokuwepo mwaka 1991 wanaikumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa na wenzake waliopokea akiba za watu kwa ahadi ya kuzirudisha zikiwa zimeongezeka mara kadhaa kwa muda mfupi. Wa kwanza walilipwa kwa fedha za waliofuata, habari ikaenea, watu wakauza mali zao ili waingie, kisha yote yakaporomoka na wengi wakabaki mikono mitupu. Mchezo huo haujafa, umehamia kwenye simu. Siku hizi unakuja na kundi la WhatsApp, picha za magari, na mtu anayekuita «papa» kwa heshima nyingi. Swali langu kwao ni moja: faida hii inatokana na kuuza kitu gani, kwa nani? Akishindwa kujibu kwa sentensi moja, hakuna biashara.

Wizi wa simu wenyewe ni rahisi mno kiasi cha kusikitisha. Mama aliletewa ujumbe ulioandikwa kama ule wa kampuni ya simu, kwamba amepokea dola 50. Dakika mbili baadaye ikapigwa simu, sauti ya kijana inalia: mama, nimekosea namba, ni fedha ya hospitali, nirudishie. Mama alikuwa ameshashika simu aanze kutuma. Mdogo wangu akamwambia atazame kwanza salio. Halikuwa limeongezeka hata faranga. Ule ujumbe ulikuwa umetoka kwenye namba ya kawaida ya mtu. Mama hakukasirika, aliumia, kwa sababu alikuwa amemwonea huruma yule mtoto.

Kuna na banki Lambert, mkopo wa mtu binafsi wa kurudisha moja na nusu mwisho wa mwezi. Wastaafu wanaingia humo kwa milango miwili: wengine wanakopa wakingoja dekonti iliyochelewa, wengine wanashawishiwa kukopesha. Anayekopa anamaliza fedha kabla hajaiona. Anayekopesha anatajirika kwenye daftari, na siku wadeni wakihama mtaa, daftari haliliwi.

Na ndugu? Hapa nitasema taratibu, maana sitaki kuonekana namfundisha mtu ubahili. Mzee asiyesaidia ukoo wake anazeeka peke yake, na hiyo nayo ni hasara. Lakini kuna tofauti kati ya kumlipia mjukuu shule kila muhula na kumkabidhi mpwa dola 1,500 «aanzishe kitu Kasumbalesa», kule mpakani na Zambia. Msaada wa kwanza unaweza kuutoa miaka kumi. Wa pili unautoa mara moja, na mwaka ujao hata ule wa kwanza huuwezi tena.

Kwa hiyo nikimwambia mjomba wangu, namwambia wote wawili walikuwa na ukweli, ila wameupanga vibaya. Benki kwanza, matofali baadaye. Faida ya benki kwa mstaafu haiko kwenye riba, iko kwenye kumchelewesha mkono. Fedha iingie kwenye akaunti ya dola, na miezi mitatu ya kwanza asinunue wala asiahidi kitu chochote, akijibu kila mtu kwamba bado anahesabu na mkewe. Katika miezi hiyo apige hesabu ya unga, dawa na makaa ya mwaka mmoja, na hiyo ibaki benki kabisa. Kinachobaki, nakubaliana na mzee, kiende kwenye matofali. Lakini si kwenye lupango jipya. Ana lupango lake katika komini ya Kenya, hapahapa mjini, lenye cheti, lenye nafasi nyuma ya choo cha zamani kwa vyumba viwili. Aongeze pale. Ardhi anayoikanyaga kila siku haiwezi kuuzwa mara mbili bila yeye kuona.

Najua kijana atasema vyumba viwili Kenya havitaleta kodi kama nyumba nzima kule pembezoni. Ni kweli. Mzee naye atasema miezi mitatu ni mingi, bei ya saruji itapanda. Huenda. Hasara hizo mbili naziona, na bado nazichagua, kwa sababu zinahesabika. Basi la buluu halikuhesabika.

Jana jioni mjomba alinipigia. Kuna mtu amemletea habari za lupango zuri sana upande wa barabara ya Kipushi, bei nafuu, ila lazima ajibu kabla ya Jumamosi. Nikamuuliza namba ya cheti. Akasema ngoja aulize. Baada ya saa moja akapiga tena: yule mtu amesema cheti kipo, kiko kwa kaka yake, Kolwezi. Mjomba akanyamaza kidogo, kisha akaniambia Jumamosi hana nafasi, atakuwa na mkewe wakipima urefu wa ule ukuta wa nyuma ya choo.