Tuambiwe Lami Inaishia Wapi

Ujumbe uliotumwa kwenye kundi letu la WhatsApp ulikuwa mfupi: Mbeya hadi Matema, siku moja, lami mwanzo mwisho. Tulijiandikisha watu kumi na wanne. Nilikwenda na baiskeli yangu ya resi, yenye tairi za milimita 25, kwa sababu kwenye lami sijaona baiskeli tamu kuliko hiyo.

Saa 12 na nusu jioni ya siku hiyo nilikuwa nimesimama kwenye mteremko wa mawe chini ya Mbambo, tairi langu la nyuma limechanika ubavuni. Giza lilikuwa linaingia. Dada mmoja tuliyekuwa naye alikuwa amekaa pembeni ya barabara, amekishika kifundo cha mkono kilichokuwa kikivimba tukikitazama. Tulikuwa wanne. Wenzetu kumi walikuwa wameshatangulia, na hapakuwa na mtandao wa simu wa kuwauliza wamefika wapi.

Hiyo ilikuwa Juni. Nimekaa kimya tangu wakati ule kwa kuwa waandaaji ni rafiki zangu, watu wanaojitolea muda wao na mafuta ya gari lao. Ila sasa safari nyingine inapangwa, na ujumbe wake umekuja na maneno yaleyale. Ndiyo maana naandika.

Niseme mapema kwamba siichukii barabara ya vumbi. Nimekulia Igawilo, na baiskeli nilijifunzia kwenye vumbi, mguu mmoja umepita katikati ya fremu kwa sababu siti ilikuwa juu mno. Ninachokikataa ni vumbi lililofichwa.

Asubuhi yake ilikuwa nzuri mno. Tuliondoka Uyole kabla jua halijatoka, na kwa anayeijua Uyole ya mwezi wa sita, baridi yake haihitaji maelezo. Kutoka pale barabara inaanza kupanda kuelekea Isyonje, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na ukungu ulikuwa mzito hata taa za malori ya Malawi tuliziona kabla ya kuyaona malori yenyewe. Isyonje tulikunywa chai ya moto, tukala viazi vya kuchemsha, tukavaa makoti yote tuliyokuwa nayo na kuanza kuteremka kwenda Kiwira. Mteremko ule, na migomba inayoanza kujitokeza mmojammoja hadi inakuwa ukuta pande zote mbili, ni kati ya vitu vinavyonifanya nisitamani kuhamia kwingine. Kuanzia Isyonje hadi Matema, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa ulio kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, unashuka zaidi ya mita 1,700 kwa siku moja. Unaanza na glavu za sufu mikononi, unamaliza kwenye joto la minazi na miti ya kokoa.

Njia inayojulikana inakwenda Tukuyu, inashuka Kyela, kisha inakata kwenda Ipinda na Matema. Tulipofika Katumba, kwenye mashamba ya chai, kiongozi wetu alipiga kushoto. Alisema kuna njia ya kupitia Lwangwa na Mbambo itokayo moja kwa moja Ipinda, fupi zaidi, na isiyo na malori. Alikuwa ameiona kwenye ramani ya simu. Kwenye ramani ile barabara ilichorwa kwa mstari uleule mnene wa njano kama zilivyochorwa barabara nyingine za lami.

Na lami ilikuwepo, kwa vipande. Anayeishi Busokelo, eneo hilo la Lwangwa na Mbambo, anajua barabara ile imekuwa ikijengwa kwa awamu mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo unapita kwenye lami mpya, laini, yenye mitaro ya zege, unajisemea kumbe hofu ilikuwa ya bure. Ghafla inakatika kama nguo iliyokatwa na mkasi, unaangukia kwenye kifusi. Unasukuma, unatukanwa na mawe, unafikiria kurudi. Halafu lami inarudi. Unashukuru, unapanda kiti, unakanyaga. Kilometa chache mbele inakatika tena. Kama barabara ingekuwa ya vumbi tangu kona ya Katumba, nusu yetu tungegeuza palepale na kufuata njia ya Tukuyu. Kila lami iliporudi ilituambia tusogee mbele kidogo, na tulisogea, hadi tukafika mahali ambapo kurudi kulikuwa kugumu kuliko kuendelea.

Wengi hudhani mwenye baiskeli ya resi analalamikia vumbi kwa sababu anaogopa kuchafuka. Hapana. Tairi jembamba linadai upepo mwingi, na likiwa gumu namna hiyo kila jiwe linapanda hadi kwenye viganja na mabega. Ukipunguza upepo upate nafuu, mpira wa ndani unabanwa kati ya jiwe na rimu, unapata matundu mawili yaliyokaa sambamba kama alama za meno ya nyoka. Nilipata pancha ya namna hiyo mara mbili kabla ya Lwangwa. Nilikuwa nimebeba mipira miwili ya akiba, kipimo kinachotosha kwa siku ya lami. Wa tatu tuliubandika kiraka, na hatimaye tairi lenyewe likachanika.

Halafu kulikuwa na tope. Mbeya mjini mwezi wa sita mvua imekwisha, mahindi yanavunwa, watu wanaanza kulalamikia vumbi. Rungwe haifuati kalenda hiyo. Mawingu ya ziwani hupanda na kugota kwenye milima, na mvua huweza kunyesha karibu mwezi wowote. Udongo wa kule umetokana na majivu ya volkano, ndiyo sababu migomba na chai vinastawi vile, lakini ukilowa unashika. Unajaza nafasi kati ya tairi na uma hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Tulitembea na vijiti mkononi, tukikwangua kila baada ya hatua hamsini.

Hesabu ya muda nayo ilivunjika. Kundi kama letu kwenye lami huenda kilometa 20 kwa saa au zaidi kidogo. Kwenye kifusi na tope tulikwenda 8. Kilometa 30 unazozimaliza kwa saa moja na nusu zinakula karibu saa nne. Maji uliyopima hayatoshi, chakula hakitoshi, na taa ndogo ya mbele uliyofunga kwa ajili ya kuonekana na magari haiwezi kukuonyesha shimo.

Yule dada alianguka kwa sababu ya hayo yote kwa pamoja: uchovu, giza, breki zilizoliwa na mchanga wa tope, na kokoto zilizolegea kwenye kona. Hakuwa mwendeshaji mbovu. Kwenye mpando wa Isyonje alituacha wote nyuma.

Aliyetuokoa ni mzee aliyekuwa anapandisha baiskeli yake, ile Phoenix nyeusi tunayoijua wote, mikungu mitatu ya ndizi imefungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi la gari. Tulimsalimia, akaitikia, akasimama. Aliutazama mkono wa dada kabla hajatutazama sisi.

"Wanangu, nani kawaleta huku na tairi kama hizi?"

Tulimwambia tunatoka Mbeya, tunakwenda Matema. Akatikisa kichwa.

"Hapa sisi wenyewe hatushuki juu ya baiskeli. Tunashuka kwa miguu mpaka pale kwenye daraja. Mngeuliza Lwangwa, mtu yeyote mwenye baiskeli angewaambia."

Alimtuma kijana aliyekuwa naye akaite bodaboda kijijini. Dada akapelekwa zahanati, na mmoja wetu akaenda naye. Sisi wawili tuliobaki tulisukuma baiskeli hadi Ipinda, ambako gari lilikuja kutuchukua karibu saa nne usiku. Nilipomshukuru mzee kwa Kinyakyusa changu kibovu, ndaga fijo, alicheka, akatupa ndizi sita. Hatukuwa tumekula tangu mchana.

Sentensi yake haijanitoka: mngeuliza Lwangwa. Pale tulikuwa tumesimama karibu nusu saa. Tulinunua soda. Nje ya duka kulikuwa na baiskeli nne au tano zimeegemezwa ukutani, zina keria za chuma na matope yaliyokauka hadi kwenye vitovu vya magurudumu. Wenye baiskeli walikuwa wamekaa hapohapo, wakizishangaa zetu, wakiuliza bei. Tulijibu maswali yao yote kuhusu gia na uzito wa fremu. Hakuna kati yetu kumi na wanne aliyewauliza swali moja kuhusu barabara wanayoipita kila siku na kilo themanini mgongoni mwa baiskeli. Mimi pia sikuuliza, na hilo linaniuma kuliko tairi.

Nilipolileta jambo hili kwa waandaaji, kwa upole, nilipewa jibu ambalo nimelisikia pia kwa watu wa vikundi vingine: ukiwaambia watu kuna vumbi, hawaji. Na lingine: safari bila mambo ya ghafla haina utamu.

La kwanza naliheshimu kidogo, maana najua ilivyo kazi kupata watu kumi na wanne wa kuacha kitanda Jumamosi alfajiri. Lakini tuangalie kilichotokea. Kati ya wale kumi na wanne, watatu hawajarudi tena kwenye safari zetu. Dada aliyeumia mkono alikaa wiki sita bila kushika usukani. Wahenga walisema njia ya mwongo fupi, na hapa ilikuwa fupi kwa maana zote mbili: fupi kwenye ramani, na fupi katika kuwaweka watu pamoja.

La pili silikubali hata kidogo. Kuna mashindano ya baiskeli huko Ufaransa, Paris–Roubaix, yaliyoanza mwaka 1896, na sifa yake yote ni barabara za mawe mabovu. Ukatili wa njia ile ndio unaowavuta waendeshaji. Na bado kila kipande cha mawe kinatangazwa kabla: kina namba yake, urefu wake, na nyota kuanzia moja hadi tano kuonyesha ubaya wake. Mwendeshaji anajua kipande cha nyota tano kiko wapi, anachagua tairi pana, anapunguza upepo kwa kipimo, na fundi anasimama pembeni na gurudumu la akiba. Kujua hakujawahi kuwaondolea utamu, wala mawe hayajawahi kulainika kwa kutangazwa.

Ukweli ni kwamba kipande kilichotuumiza kilikuwa ndicho kizuri kuliko vyote. Wenzetu watatu waliokuwa na baiskeli za tairi pana, milimita 40 na kuendelea, walifika Matema na nyuso zinazong'aa. Walizungumzia vijito vinavyokatiza barabara, mikokoa chini ya vivuli vya miti mikubwa, watoto waliokimbia nao hadi pumzi zikawaishia, na Milima ya Livingstone ikijitokeza mbele yao kama ukuta uliosimamishwa ndani ya ziwa. Hakuna lori hata moja lililowapulizia moshi usoni. Ninaposikiliza simulizi zao najisikia wivu wa dhati. Nilipita barabara ileile siku ileile, nikaona tairi langu tu na matope.

Kwa hiyo siombi tukae kwenye lami. Barabara kuu ya Tunduma na hii ya Malawi zina malori mengi kiasi kwamba siku moja tutamzika mtu, na naamini kabisa mustakabali wa safari zetu uko kwenye njia za vijijini: Busokelo, Kitulo, Umalila, zile kona za Chimala kwenda Matamba watu wanazoziita Hamsini na Saba. Ninachoomba ni kuambiwa. Kilometa ngapi za lami, ngapi za kifusi, ngapi ambazo mvua ikinyesha zinageuka uji. Tairi la upana gani. Ni wapi mtu anaweza kugeuza na kupata basi. Nani anabaki wa mwisho, asiyeruhusiwa kumwacha mtu nyuma hata kama wa mbele wameshaona ziwa. Habari hizo zinajaa kwenye ujumbe mmoja wa simu, na zinapatikana kwa mtu mmoja kupanda bodaboda wiki moja kabla na kuipita njia yote akiwa macho wazi.

Safari inayopangwa sasa ni ya mwezi wa kumi, njia ileile ya Lwangwa. Nimewaandikia waandaaji kwamba nitatangulia. Nimeshanunua tairi za milimita 42, na kwa kuwa fremu ya resi haizipokei, fundi wa Mwanjelwa ananitengenezea baiskeli ya zamani ya kaka yangu. Jumamosi ya wiki ijayo nitalala Lwangwa. Asubuhi nitakaa nje ya duka lile, mahali zinapoegemezwa baiskeli za ndizi, na daftari.