Namba Zisubiri Filimbi ya Mwisho

Ingia kibanda umiza chochote Jumamosi jioni uone. Winga anamtoka beki wa kwanza, anamtoka wa pili, banda zima limesimama, na kuna kijana kainamia simu anauliza: "Hiyo xG yake ngapi?"

Kwa asiyeijua, xG ni kipimo cha ubora wa nafasi. Kila shuti hupewa namba kati ya 0 na 1, yaani uwezekano wa kuwa goli, kwa kuangalia mashuti mengi ya nyuma yaliyopigwa katika mazingira kama hayo. Penalti huwa kati ya 0.76 na 0.79. Kocha anaihitaji, maana timu inayokosa nafasi nzuri kila wiki si sawa na isiyotengeneza kabisa. Lakini wewe uliyelipa kiingilio, namba ndiyo ikuruhusu kufurahi? Shuti la mita thelathini linalozama pembeni juu kabisa lina xG ndogo mno, na ndiyo maana likiingia tunaruka juu ya mabenchi.

Fantasy nayo, ule mchezo wa simuni wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi na kuvuna pointi kwa wanachofanya uwanjani, imetuharibu. Nimemwona shabiki wa Arsenal, mtu mzima na familia yake, akinuna timu yake ilipofunga. Kisa? Beki wa wapinzani yumo kwenye kikosi chake cha simuni, na zile pointi 4 za kutoruhusu goli ndiyo zimeyeyuka. Tulimcheka mpaka naye akacheka, ila dakika mbili baadaye alikuwa kwenye simu tena.

Mtu ataniambia kuelewa mchezo huongeza utamu. Sikatai. Ukishajua mabeki wanavyopanda kwa pamoja ili mshambuliaji aotee, unaona kitu ambacho jirani yako hakioni. Na wazee wa bao je, wenye kete zao 64? Wale huhesabu kete ya mwisho itaangukia shimo gani kabla mkono haujagusa kitu. Lakini kwao hesabu ndiyo mchezo wenyewe, na macho hayabanduki kwenye mashimo. Huyu wetu anahesabu huku mpira unampita.

Sisemi tuache kuchambua. Bila ubishi wa Jumatatu kijiweni, mpira ungekuwa nusu ya mpira. Dakika tisini zikiisha niletee takwimu zako zote, na mimi nitakubishia mpaka usiku. Kabla ya hapo, tafadhali, punguza mwanga wa hiyo simu, wengine tunaangalia.