Mkono Ndani ya Handaki

Mke wangu aliporudi nyumbani Jumamosi ile alinikuta nimepiga magoti mbele ya meza, mkono wa kulia umezama ndani ya mlima karibu hadi kwenye kiwiko, na treni inanigonga.

Tuanzie kwenye treni yenyewe. Nilipokuwa mtoto, treni ya abiria ilikuwa ikipita nyuma ya nyumba yetu. Tuliisikia kabla hatujaiona: taka-tak, taka-tak, magurudumu yakiruka pale vipande vya reli vinapoungana. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba zile nafasi ndogo huachwa makusudi, ili chuma kikitanuka kwa joto reli zisipinde. Wakati ule tuliamini kabisa kwamba treni ina moyo. Lakini kilichonikaa zaidi rohoni ni handaki. Mara ya kwanza nilipopanda, mabehewa yaliingia gizani ghafla, watu wazima wote wakanyamaza kama wanaoficha deni, na sisi watoto tukapiga kelele mpaka mwanga uliporudi.

Kwa hiyo, uzeeni, nilipoamua kujijengea reli ndogo juu ya meza, nilikuwa tayari kukosa stesheni, kukosa miti, hata kukosa abiria. Kukosa handaki, hapana.

Nilichagua kipimo kinachoitwa HO. Kila kitu kinapunguzwa mara 87: reli ambazo kwenye njia halisi ya upana sanifu zimeachana milimita 1435 zinaachana milimita 16.5, na mtu mzima anabaki na kimo cha sentimita 2. HO maana yake ni nusu ya sifuri, kwa kuwa kile kipimo kikubwa kilichotangulia ndicho kilichoitwa sifuri. Nakumbuka alama zangu za hesabu shuleni, nikaona hapa nimefika kwetu.

Reli zilienda vizuri. Waya zilienda vizuri, ukiondoa jioni moja ya giza ambayo hatuizungumzii. Ukaja mlima. Nilisimamisha vibao, nikavifunika kwa wavu wa kuku, juu ya wavu nikabandika vitambaa vilivyochovywa kwenye plasta. Mdomo wa handaki niliupima kwa kupitisha kichwa cha treni. Kikapita, kikarudi, kikapita tena. Nikajipongeza.

Hapo ndipo nilipokosea. Kichwa cha treni yangu ni kifupi. Behewa la abiria ni refu, karibu sentimita 30, na behewa refu likikata kona, tumbo lake linaingia upande wa ndani na ncha zake zinatokeza upande wa nje. Handaki langu nililiweka kwenye kona, kwani ndiyo nafasi pekee iliyobaki mezani. Mwenye akili hupima handaki kwa behewa refu kuliko yote aliyonayo. Mwenye akili pia husubiri plasta ikauke.

Mimi nilimwita binti yangu, ana miaka saba, nikamkabidhi kisanduku cha kuendeshea. "Dereva, twende."

Treni iliingia handakini. Ikasikika *krrr*. Kisha kichwa kikatokea upande wa pili peke yake, kimechomoka kwenye mabehewa, kinakimbia kama ng'ombe aliyekata kamba.

"Baba," binti akasema, "abiria wamebaki."

Nikamwambia asimamishe, nikaingiza mkono. Vidole vililifikia behewa la mwisho, nikalishika. Tatizo, nilikuwa nimevaa saa. Mkanda wake ukanasa kwenye wavu, nikavuta, wavu ukacheka. Nikavuta kwa nguvu zaidi, na donge zima la plasta mbichi likaporomoka kutoka kwenye dari ya handaki, likatua juu ya kifundo cha mkono kwa upole, kama mtu anayekufunika shuka.

Plasta, kwa wasioijua, ni jasi iliyochomwa mpaka ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukiirudishia maji inayanywa na kugeuka jiwe tena, na inapogeuka inatoa joto. Basi mimi nikaanza kusikia joto. Mwanzoni lilikuwa zuri, kama maji ya kunawia. Halafu nikakumbuka maana yake.

"Mwanangu," nikasema kwa sauti ya mtu mtulivu, "kamwite jirani."

"Jirani hayupo. Baba, nijaribu kukuvuta kwa treni?"

Sikuwahi kujibu. Mkono wangu ulikuwa umelala juu ya reli, kiwiko kiko nje ya mdomo wa handaki, na kichwa cha treni kikawa kimeshamaliza mzunguko. Kikanipiga kiwikoni. *Pu.* Magurudumu yakaendelea kuzunguka palepale, yanalalamika. Binti akakirudisha nyuma, akapima umbali kwa jicho moja, akakiachia tena. *Pu.* Volti 12 hazimdhuru mtu mzima. Zinamdhalilisha tu.

Nikatazama stesheni yangu. Abiria wa sentimita 2 walikuwa wamesimama na mabegi yao, wote wamegeukia mlimani, kwa sababu mimi mwenyewe ndiye niliyewabandika hivyo. Nikapiga hesabu, maana sikuwa na kazi nyingine: kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko ni kama sentimita 45, mara 87, inakaribia mita 39. Kwa kipimo chao, mnyama wa mita 39 alikuwa amefia kwenye njia, na hakuna aliyetangaza kuchelewa kwa treni.

Ndipo mke wangu alipoingia. Alisimama mlangoni muda mrefu. Hakupiga kelele, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Wenzako huvunjika kwanza," akasema mwishowe, "ndipo wakafungwa plasta."

Alileta kisu cha mkate na tochi. Akalala ubavu kando ya meza, tochi mdomoni, akakwangua pole pole, huku binti akimuuliza kila baada ya dakika kama njia imefunguliwa. Vumbi jeupe lilimjaa kwenye nyusi. Ilichukua kama saa moja. Mwisho alikata mkanda wa saa, mkono ukatoka, umeshikilia behewa bado. Vidole havikutaka kuliachia.

Saa yenyewe ilibaki. Imemezwa na jiwe ndani kabisa, na kuitoa ni kuubomoa mlima wote, ambao sasa umekauka vizuri na, nisijisifu, umependeza. Mdomo nimeupanua kwa tupa. Mabehewa yanapita bila kugusa, na yanapoingia gizani binti yangu hupiga kelele kwa niaba ya abiria.

Kasoro ni moja. Saa ile niliitegesha kengele ya kuniamsha niende kazini. Kila siku saa kumi na moja alfajiri mlima unalia, pi-pi-pi, pi-pi-pi, kwa dakika nzima, na kutoka chumba cha pili sauti ndogo inaitikia, "Treni ya kwanza hiyo!"

Jana mke wangu aliniuliza betri ya saa hudumu miaka mingapi. Nimemwambia inategemea. Betri niliibadilisha wiki moja kabla ya mlima.