Geukia ukutani, zamu yangu

Nina miaka kumi na moja huku Poland, mji wa Wrocław, na kila mwezi wa kumi na mbili ukiingia, saa kumi jioni kiza hicho, nakumbuka kitu ambacho wabongo wenzangu wa huku nikiwaambia wanashangaa. Wao wanakumbuka pweza, wanakumbuka madafu na harusi za mtaani. Mimi nakumbuka kompyuta ya mjomba pale Ngamiani, Tanga, ile monita kubwa yenye kichogo, na sauti ya binamu akisema "geukia ukutani, zamu yangu".

Anayejua kashajua. Gemu ni Heroes of Might and Magic III, ilitoka 1999 ila sisi ilitufikia kwenye 2004 hivi, CD ya kuchoma, imeandikwa juu kwa maka peni, kaileta jamaa wa mtaani aliyekuwa anasoma Dar. Kwa ambaye hajaicheza, ni gemu ya zamu: una mji wako, una shujaa anayetembea kwenye ramani anaokota dhahabu, mbao, mawe, zebaki, salfa, kila kitu kwa hesabu, hatua zikiisha unamaliza siku na mwenzako naye anaanza ya kwake. Siku saba ni wiki, wiki mpya ikianza ndo wanajeshi wapya wanapatikana mjini, kwa hiyo ukipoteza siku mbili unazurura porini umeumia. Raha yake kompyuta moja mnacheza hadi watu nane kwa kupokezana mausi. Na kwa kuwa skrini ni moja na ramani yako ni siri yako, wa pembeni lazima ageuke asione.

Sisi tulikuwa tunageukia ukutani. Sasa huo ukuta ulikuwa na kabati la vyombo la mama, kabati la kioo lenye vikombe vya wageni ambavyo sijawahi kuona mgeni anavinywea, na ikachukua likizo nzima ya mwezi wa sita kabla sijajua kwamba binamu alikuwa ananisoma kupitia kile kioo. Kila nikificha jeshi nyuma ya mlima yeye anapita njia nyingine kabisa kama kaoteshwa. Siku nilipogundua nilipandisha kanga ya mama nikaitundika mbele ya kabati, binamu akanuna siku mbili hatusemeshani. Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mpaka leo nikisikia ule muziki wa mji wa Necropolis namuona yeye kakaa kakunja miguu kwenye mkeka anajifanya anasoma gazeti.

Na hatukuwa wawili tu, hapa ndo penye hoja yangu ya leo. Wachezaji wawili au watatu, watazamaji saba. Kuna aliyekuja kuazima pasi akakaa, kuna mtoto wa jirani, kuna kaka mkubwa ambaye hajawahi kushika mausi hata siku moja ila ndo mshauri mkuu, "usijenge hiyo, jenga ile ya dhahabu kwanza", na alikuwa sahihi maana ukifikisha jengo la Capitol mapema unapata dhahabu 4000 kwa siku na mji wa kawaida unaanza na 500. Mtu akifikiri sana watu wanapiga kelele, akifanya ujinga wanashika kichwa. Zamu ya mwenzio haikuwa muda wa kusubiri, ilikuwa sehemu ya kucheza, unamsoma uso wake, unasikiliza mausi inabonyezwa mara ngapi, unahesabu kimoyomoyo huyu kanunua nini mbona kabonyeza sana.

Mwaka 2006 ukaja ule mgao mkubwa wa umeme, mabwawa yamekauka, na hapo ndo ilikuwa mitihani. Mjomba alikuwa na UPS ya zamani ambayo umeme ukikatika inalia tii tii tii na unabaki na dakika kama tatu, basi yeyote aliye karibu anaruka kusevu hata kama sio zamu yake. Tukishasevu tunatoka wote nje barazani, wazee wako pale na bao, na sisi tunaunga foleni. Hakuna aliyeona kwamba tumebadilisha mchezo. Bao la Kiswahili si ndo hilohilo? Mashimo 32, kete 64, unaanza na namua unaingiza kete moja moja, una nyumba yako unailinda isiliwe, halafu mnaingia hatua ya mtaji, na fundi wa kweli anaona mizunguko minne mitano mbele kabla hajainua mkono. Na pembeni watazamaji, wale wale, na ushauri wao ule ule. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema gemu za zamu ni vitu vya wazungu tumeletewa namuonea huruma, sisi zamu tunaijua kuliko hizo kompyuta.

Nikaja huku. Mwaka wa kwanza nikanunua laptop nzuri, intaneti ya kutisha, umeme haujawahi kukatika hata dakika, nikasema sasa nitacheza mpaka nichoke. Aisee niliboreka ndani ya wiki mbili. Unacheza na mashine, mashine haikunji uso. Ukienda mtandaoni kucheza na watu kuna saa inahesabu, zamu ina dakika kadhaa na ikiisha imeisha, na siku za mwanzo wote mnacheza kwa pamoja kuokoa muda, yaani zamu yenyewe imefutwa. Mtu humjui, humsikii, akishindwa anatoka bila hata kusema kwaheri. Nawaelewa, watu wa huku wana kazi, wana ratiba, hata kumtembelea rafiki lazima mpange wiki mbili kabla na mkisema saa mbili kamili ni saa mbili kamili. Ila gemu ile ilitengenezwa kwa watu wenye jioni nzima na pasi ya kuazima.

Sasa kitu nilichokuwa sikijui ni kwamba nimehamia kwenye nchi ambayo hii gemu ni kama dini. Sitanii. Poland ukimtajia "hirosi tatu" mtu wa miaka thelathini na kitu macho yanabadilika. Kuna okestra, Heroes Orchestra, inapiga muziki wa gemu hizo ukumbini watu wamevaa suti. Kampuni ya hukuhuku, Archon Studio, imeitengenezea gemu ya mezani yenye vinyago na kadi. Kwa nini wao? Mimi nimeuliza sana kazini na jibu nililopata limenikaa: walipokuwa watoto nyumbani kulikuwa na kompyuta moja, ya baba au ya kaka, CD nyingi za kuchoma kama zetu, intaneti ya shida, na gemu hii ilikubali kompyuta mbovu na ilikubali watu wengi kwenye kiti kimoja. Wanaiita gorące krzesła, viti vya moto. Yaani watoto wa Wrocław na watoto wa Ngamiani tulikuwa kwenye hali ileile tukaipenda gemu ileile kwa sababu ileile, na mimi nilikuwa nafikiri nina siri.

Kuna jamaa naendesha naye forklift ghalani, mdogo wake anakuja kila Desemba kutoka Gdańsk na wanacheza ramani moja ileile tangu wakiwa shule. Mwaka juzi akanialika. Nikaenda na sambusa. Tumekaa, chai ya limau, mdogo wake akasema kitu kwa Kipoland zamu yake ilipofika, sikukisikia vizuri lakini mwili ulishaelewa, nimeshageuka naangalia ukuta. Wakanyamaza wote wawili. Halafu kaka mtu akaniuliza, na nyie mlikuwa mnageuka? Nikamsimulia kabati. Akaniambia wao ilikuwa kioo cha dirisha, usiku taa ikiwaka ndani dirisha linakuwa kioo, na mama yao ndo aliyewafumania akaweka pazia. Sikumbuki nani alishinda siku ile.

Lakini nisidanganye, kuna kitu hakikuwepo. Tulikuwa watatu na watatu wote tunacheza. Mke wa jamaa yuko chumba kingine, mlango umefungwa, sio kwa ubaya, kwao ndo heshima, kila mtu na mambo yake. Hakuna aliyepita akasimama nyuma yangu akasema "utapigwa". Na bila huyo mtu gemu inakuwa hesabu tu, nzuri, lakini hesabu. Watu wananiambia siku hizi kuna kutazama wachezaji laivu mtandaoni ni yaleyale. Sio yaleyale. Mtazamaji wetu alikuwa anaweza kuninyang'anya mausi.

Ndo maana mabishano mengi ya mashabiki naona yanapotea njia. Watu wanagombana picha, ile ya tatu ya kuchorwa ni nzuri kuliko ya tano ya 2006 yenye muonekano wa 3D, sawa, hata mimi nakubali ile ya tatu bado inapendeza. Wanailaumu kampuni ya Ubisoft, iliyochukua haki baada ya 3DO iliyoitoa kufilisika 2003, kwamba lile toleo la HD la 2015, lenye picha zilizosafishwa, lilikuja bila nyongeza zake mbili kwa maelezo kuwa maandishi ya programu yake yamepotea, na hapo wana haki ya kukasirika kabisa, unauzaje chakula nusu sahani. Wakati huohuo mashabiki wenyewe, Warusi wengi wao, wakatengeneza nyongeza yao, Horn of the Abyss, bure, tangu 2011, wakaongeza mpaka mji wa maharamia, na kazi yao ni safi kiasi kwamba huku hakuna ninayemjua anayecheza bila hiyo. Nawaheshimu sana. Ila swali ninalotaka mashabiki waulize kila gemu mpya ikitangazwa ni moja: kompyuta moja watu watatu inakubali? Kama haikubali basi nyumba yenye kompyuta moja imefungiwa nje, na nyumba hizo kwetu ndo nyingi.

Nyingine inayoniuma ni Civilization, nayo ni gemu ya zamu, unachagua taifa na kulikuza. Ile ya nne, 2005, ilitufikia cyber ya mtaani, na kompyuta za pale kadi ya picha ilikuwa dhaifu, gemu inafunguka lakini ramani nyeusi tii, huoni kitu. Lakini kabla ya ramani kuna ule wimbo wa kwenye menyu, Baba Yetu, wa Mmarekani Christopher Tin. Jamani. Cyber nzima ilinyamaza. Sala ya Bwana kwa Kiswahili inatoka kwenye gemu ya Marekani! Mwenye cyber, muislamu safi, alikuwa anaomba tumfungulie tena. Tulikuwa tunalipa nusu saa kusikiliza menyu. Baadaye, 2011, ule wimbo ukapata tuzo ya Grammy, wa kwanza kutoka kwenye gemu, na hata huku Poland jamaa wa forklift anaujua wote kwa sauti bila kujua maana ya neno hata moja, nikamtafsiria mstari kwa mstari kwenye mapumziko ya chakula.

Sasa angalia. Lugha yetu imefungua gemu, lakini ukiingia ndani huwezi kuchagua Waswahili. Kwenye ya tano Mombasa na Zanzibar ni vimji vya pembeni vya kubembelezwa, kwenye ya sita Zanzibar ukiishika inakupa karafuu na mdalasini, na Kilwa Kisiwani ni jengo la ajabu ambalo taifa lolote linaweza kujijengea ufukweni kwake. Kilwa! Mji uliopitisha dhahabu ya Sofala, uliogonga sarafu zake wenyewe, msafiri Ibn Battuta kaufikia 1331 akausifia, mpaka Wareno walipoupora 1505. Huo ni mji wa kuchezwa, una bahari, una biashara, una pepo za kaskazi na kusi ambazo zenyewe ni zamu, meli inakuja na upepo mmoja inasubiri mwingine ndo irudi. Mtu aliyekulia pwani angeitengeneza hiyo gemu akiwa amefumba macho, na naomba vijana wetu wanaosoma programu huko Dar na Nairobi wasinichukulie kama natania.

Kwa sasa mimi na binamu tumerudi. Yeye yuko Tanga bado, ana mtoto wa miaka tisa. Tunatumiana faili la sevu kwa WhatsApp, nacheza siku yangu usiku nikitoka shifti, namtumia, yeye anacheza asubuhi kabla ya kufungua duka. Tuko wiki ya tatu ya ramani tangu mwezi wa nane. Ni polepole lakini anaambatanisha sauti, na nyuma ya sauti namsikia mtoto, namsikia shemeji, namsikia mtu simjui kabisa anamwambia "mshambulie huyo wa Ulaya, hana kitu". Nikisikia hiyo nakuwa nimeshiba.

Desemba hii nakwenda, tiketi nimeshakata. Nimempigia mama nikamuuliza kabati la vyombo bado lipo? Akasema lipo, anafikiria kulisogeza chumbani maana sebule imekuwa ndogo. Nikamwomba aliache palepale mpaka niondoke.